Trekta la Musanda halimo kwenye hesabu ya malori

Kazi yangu ni kuandika programu. Kila mteja anaponiletea data, huwa namuuliza swali moja kabla sijaandika hata mstari mmoja: mstari mmoja wa jedwali hili unahesabu nini? Mtu? Gari? Safari? Risiti? Ukikosea hapo, hakuna programu itakayokuokoa.

Leo nataka kuuliza swali hilohilo kuhusu takwimu za usafirishaji wa mizigo kwa magari ya kukodi nchini Kenya, yaani magari yanayobeba mizigo ya watu wengine kwa malipo. Mfano wangu ni Musanda, kule Mumias Magharibi katika kaunti ya Kakamega, ambako mzigo unaotawala barabara ni miwa.

Maoni yangu ni haya: tunahesabu kampuni na magari, ilhali kitu tunachotaka kukijua ni safari. Na safari hizo zimeshaandikwa tayari, kwenye mizani ya viwanda vya sukari.

Gari la kukodi ni lipi hasa?

Watakwimu wana orodha ya kimataifa ya kupanga shughuli za uchumi, inaitwa ISIC. Usafirishaji wa mizigo kwa barabara una namba yake, 4923. Lori la mwenye kiwanda cha mikate likipeleka mikate yake mwenyewe halimo humo, kazi yake inahesabiwa pamoja na mikate. Lori hilohilo likibeba saruji ya jirani kwa malipo, limeingia. Ukilikodi pamoja na dereva bado ni 4923. Ukilikodi bila dereva, linahamia kundi jingine.

Haya, sasa leta trekta la Musanda. Msimu wa kulima linalima mashamba ya watu kwa malipo, hiyo ni huduma ya kilimo. Miwa ikikomaa linafungwa trela na kupeleka miwa ya watu kiwandani, hapo limekuwa gari la kukodi. Siku nyingine linasomba matofali ya mwenyewe, wala si la kukodi tena. Trekta ni moja na mwenyewe ni mmoja, lakini makundi ni matatu.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS) hutoa kila mwaka jedwali la magari mapya yaliyosajiliwa, yakiwa yamepangwa kwa aina: magari madogo, pikapu, malori, mabasi, trela, pikipiki, matrekta. Trekta letu limo, ila kwenye mstari wa matrekta. Anayetazama mstari wa malori ili ajue biashara ya uchukuzi inakwendaje, hatakaa alione.

Njia tatu za kukusanya takwimu

Duniani kuna njia tatu kubwa, na kila moja ina tundu lake.

Ya kwanza ni kuwauliza wenye kampuni. Unachukua orodha ya kampuni, unachagua sampuli, unawatumia fomu: mwaka huu mmepata mapato kiasi gani? Marekani wamefanya hivyo kwa miaka mingi kupitia idara yao ya sensa, na mwenye lori moja asiye na mwajiriwa hukadiriwa kutokana na rekodi za kodi. Njia hii ni nzuri mradi orodha iwe nzuri. Kwetu, KNBS walipofanya utafiti wa biashara ndogo na za kati mwaka 2016, walipata biashara zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo takriban milioni 5.8 hazikuwa na leseni. Hizo zisizo na leseni ilibidi zitafutwe nyumbani kwa watu, kwa sababu hazimo kwenye orodha yoyote. Kazi ya namna hiyo ni ghali, huwezi kuifanya kila mwaka.

Ya pili ni kuuliza gari badala ya kampuni. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huchagua namba za magari kutoka kwenye sajili, kisha mwenye gari anajaza safari zote za wiki moja: kutoka wapi, kwenda wapi, mzigo gani, tani ngapi, na kama ni mzigo wake au wa kukodiwa. Naipenda sana njia hii. Lakini inataka sajili iliyo safi. Gari likiuzwa na jina lisibadilishwe, fomu inaenda kwa mtu aliyeliuza zamani. Hata matajiri huchoka: Marekani walikuwa na utafiti wao wa magari tangu 1963, wakauacha baada ya ule wa 2002, na hawakuurudia mpaka ule wa mwaka 2021.

Ya tatu ni kuacha kuuliza na kusoma rekodi zinazojiandika zenyewe. Hapa Afrika Mashariki tumejitahidi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mizani ya barabara kuu: Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye, Busia. Tangu 2017 kuna mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo inayopita Kenya, Uganda na Rwanda. Kule Mombasa, mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini ina kituo cha uangalizi kinachochapisha muda wa safari na ucheleweshaji njiani.

Sasa tazama vizuri macho hayo yanaangalia wapi. Yanaangalia barabara ya Mombasa hadi mpakani. Kontena la kwenda Kampala linafuatwa hatua kwa hatua. Trekta linalotoka shambani Musanda kwenda kiwandani halina sababu ya kukanyaga mizani ya Webuye. Mzigo wa wageni tunaujua kuliko mzigo wa mkulima wetu.

Kwani ina ubaya gani?

Ina ubaya, na nitataja mambo mawili.

La kwanza ni umbali. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na wakulima wa Musanda walikuwa nacho karibu. Kiliposongwa na madeni mpaka kikawekwa chini ya mrasimu Septemba 2019, miwa ya eneo hilo ikawa inasafirishwa hadi viwanda vya mbali kama Kabras na Butali, upande wa Malava. Sasa piga hesabu ya mfano. Tani 100 kwa kilomita 10 ni tani-kilomita 1,000. Tani 60 kwa kilomita 50 ni tani-kilomita 3,000. Anayehesabu tani atasema usafirishaji umeshuka kwa asilimia 40. Barabara, dizeli na magurudumu vitasema umepanda mara tatu! Takwimu za sukari hutuambia kila kiwanda kimepokea tani ngapi. Tani peke yake haziwezi kukueleza barabara ya kijijini imebeba nini.

La pili ni mfuko wa mkulima. Gharama ya kusafirisha miwa hukatwa kwenye malipo yake. Anaiona kwenye karatasi ya malipo, mstari mmoja, imekwisha kukatwa. Je, ni bei ya haki ikilinganishwa na kijiji cha jirani? Hana pa kulinganisha. Mwenye trekta naye hana, anapewa bei na mwenye mkataba na kiwanda, basi. Bei ya nyanya sokoni hufuatiliwa kila mwezi. Bei ya kubeba tani moja ya miwa kilomita moja nayo inastahili kufuatiliwa.

Dawa ninayopendekeza

Kila trela likifika kiwandani hupimwa likiwa na mzigo, likashusha, likapimwa tupu. Hapo inatoka stakabadhi. Mimi nikiiona stakabadhi hiyo naona mstari mmoja wa jedwali, na mstari huo unahesabu safari moja. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta!

Kinachotakiwa kila mwezi kutoka kila kiwanda ni nguzo sita tu:

- tarehe
- namba ya gari
- kijiji au kata ulikotoka mzigo
- uzito halisi wa mzigo
- gari ni la kiwanda, la mkulima mwenyewe, au la kukodi
- malipo ya usafiri kwa safari hiyo

Umbali kompyuta itaukadiria kutoka kata hadi kiwandani. Faili ya kawaida ya jedwali inatosha, hatuhitaji mitambo ya mamilioni.

Najua pingamizi. Wenye matrekta watasema: mnatuletea watu wa kodi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda taarifa za mtu mmoja mmoja zinazokusanywa kwa ajili ya takwimu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Lakini mwanaprogramu haamini ahadi peke yake. Namba ya gari igeuzwe kuwa msimbo usiosomeka kabla faili haijatoka kiwandani, ili KNBS waone gari lilelile likirudi bila kujua ni la nani. Ankara za kielektroniki za KRA haziwezi kuchukua nafasi ya jambo hili. Zinamwona aliyetoa ankara, ambaye mara nyingi ni mwenye mkataba, na mwenye trekta anabaki kivulini.

Viwanda navyo vitasema hiyo ni siri ya biashara. Jumla ya kata nzima si siri ya mtu. Isitoshe, Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari, na ushuru wa asilimia 4 wa kuendeleza sekta ulianza tena kutozwa mwaka 2025. Sehemu yake ni ya miundombinu ya maeneo ya miwa. Fedha hizo zitagawanywa kwa kipimo gani? Kwa kelele za wanasiasa, au kwa tani-kilomita?

Mimi nachagua tani-kilomita. Anayetaka kuanza na aanze na kiwanda kimoja, msimu mmoja, na aseme wazi Musanda imetoa safari ngapi.