Anayesaini sababu ya kifo awe amesomea

Mwili ukiokotwa porini upande wa Makere, mkoani Kigoma, barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, polisi hufika na daktari au tabibu wa zamu. Mara nyingi vijijini uchunguzi humalizwa papo hapo, ndugu wakisubiri na kaburi limeshachimbwa. Tabibu huyo asubuhi alikuwa akitibu malaria na kuzalisha akina mama. Anaandika kwamba marehemu amevuja damu nyingi, anasaini, ruksa ya kuzika inatoka. Kina cha jeraha, aina ya silaha, mikwaruzo ya mikononi inayoonyesha kuwa marehemu alijitetea: visipoandikwa saa ile, vimezikwa naye.

Tabibu huyo hana kosa. Kosa ni la mfumo unaompa kazi ya bingwa wa patholojia bila kumfundisha. Tanzania inayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo tangu 1980, lakini sheria haishiki kisu cha upasuaji.

Tofauti ya utaalamu ilionekana Nairobi Juni 2025. Polisi walidai mwanablogu Albert Ojwang alikufa kwa kujigonga kichwa ukutani akiwa mahabusu. Wanapatholojia walipoupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na michubuko mingi. Maelezo ya polisi yakaporomoka ndani ya siku chache.

Elimu peke yake, hata hivyo, haitoshi bila uhuru wa kazi. Mwaka 1988, Mwingereza Julie Ward alipouawa Masai Mara, Kenya, daktari aliyechunguza mabaki aliandika kuwa mifupa ilikatwa. Mkuu wake, mwanapatholojia wa serikali, akaibadilisha ripoti isomeke kana kwamba mifupa ilipasuka. Kenya ilipitisha sheria ya huduma huru ya kuchunguza vifo mwaka 2017, lakini miili zaidi ya 400 ya waumini waliofia msituni Shakahola ilipoanza kufukuliwa 2023, huduma hiyo ilikuwa bado ipo kwenye karatasi.

Makere ina ugumu wake wa ziada. Hapo jirani ipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, ambako ndugu wa marehemu huenda wakajieleza kwa Kibembe au Kirundi, si Kiha wala Kiswahili.

Wizara ya Afya, Polisi na Mahakama wakubaliane kiwango kimoja: kila wilaya iwe na daktari na mpelelezi waliosomea uchunguzi wa vifo, picha za majeraha ziambatane na kila ripoti, na kifo cha mahabusu kichunguzwe na bingwa asiyewajibika kwa polisi, hata kama itabidi asafirishwe usiku kutoka mkoa mwingine.