Bwana Robert Donat na Pumzi Zake

Wasomaji waliopata kuiona picha ya sinema iitwayo “Goodbye, Mr. Chips” watamkumbuka yule mwalimu mzee mwenye mvi na sharubu. Basi wajue kwamba aliyeucheza uzee ule, Bwana Robert Donat, alikuwa kijana wa miaka 34 tu picha ilipotolewa mwaka 1939. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Oscar, akamshinda hata Clark Gable wa Marekani.

Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1905. Utotoni alikuwa na kigugumizi, akapelekwa kwa mwalimu amfundishe kusema. Na katika ulimi ule mzito ikatoka sauti iliyosifiwa sana jukwaani. Alianza kucheza mbele ya watu akiwa na miaka 16.

Lakini alikuwa na pumu. Mtu aliyepata kulala chumba kimoja na mwenye pumu anajua jinsi usiku unavyokuwa mrefu. Mali ya mchezaji ni pumzi, naye ndiyo aliyopungukiwa. Kazi nyingi zilimpita kwa sababu hiyo. Mwaka 1953 alicheza Askofu Mkuu Thomas Becket katika thieta ya Old Vic, London, huku mitungi ya oksijeni ikimngoja kando ya jukwaa.

Mwaka 1958 alicheza liwali wa Kichina katika “The Inn of the Sixth Happiness”. Maneno yake ya mwisho katika picha hiyo ni ya kuagana. Alifariki tarehe 9 Juni, 1958, picha yenyewe haijaonyeshwa bado.