Nyimbo Nne za Msimu wa Jua: Je, Sikio Nalo Lina Mpaka?

"Mwacha mila ni mtumwa!" Methali hii nilitupiwa na mwanafunzi mwenzangu ndani ya matatu iliyokuwa ikitutoa Njoro kwenda Nakuru mjini, alipotambua kwamba wimbo niliokuwa nikiusikiliza ni wa Kijapani. Ilikuwa Februari, jua limekaza na vumbi la mashamba likituingilia madirishani. Abiria waliangua kicheko. Nilinyamaza, lakini shutuma ile imenikaa moyoni hadi leo. Je, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anaposikiliza nyimbo za kigeni huwa anaisaliti lugha yake?

Maoni yangu ni kwamba haisaliti, mradi asikilize kwa sikio la mhakiki. Wimbo ni utungo, na utungo ndio kazi yetu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, nakupendekezea nyimbo nne za msimu huu wa jua, kabla ya mvua za masika kutufungia mabwenini.

Wa kwanza ni huo huo uliozua kicheko. Uliimbwa na Kyu Sakamoto mwaka 1961. Jina lake la Kijapani lina maana ya kutembea huku ukitazama juu: mtu yuko peke yake usiku, ameinua uso ili machozi yasimdondoke. Hiyo ni taswira ambayo malenga yeyote wa Kiswahili angeionea fahari. Mwaka 1963 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani, ingawa uliimbwa kwa Kijapani kitupu. Hata hivyo, wauzaji wa Magharibi walikuwa wameubandika jina la "Sukiyaki", mlo wa nyama usiohusiana kamwe na maudhui yake. Lugha iligusa nyoyo na papo hapo ikafanyiwa mzaha.

Wa pili ni "Coat of Many Colors" wake Dolly Parton, wa mwaka 1971. Hapa kwetu, Nakuru hadi Molo, muziki wa kantri si mgeni. Wapo wazee wakulima wanaouenzi kama urithi wao. Katika wimbo huu mama maskini anamshonea bintiye koti la viraka huku akimsimulia kisa cha Yusufu. Mtoto analivaa kwa fahari, lakini shuleni wenzake wanamcheka. Msuko, wahusika, mgogoro na funzo vyote vimo: ni ngano kamili ya dakika tatu hivi. Anayeuliza kwa nini mkulima wa Bonde la Ufa anapenda nyimbo za Wamarekani, koti hili litamjibu.

Wa tatu ni "Liberian Girl" wa Michael Jackson, kutoka albamu ya Bad ya mwaka 1987. Unafunguliwa kwa maneno ya Kiswahili yanayotamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Tulipousikia mara ya kwanza wengi wetu tulishangilia. Lakini hebu tujiulize: ni nani anayezungumza Kiswahili Liberia, huko Afrika Magharibi? Lugha yetu imetumiwa hapo kama shanga shingoni, yaani pambo la kuashiria "Afrika" tu. Usikilize, uburudike, kisha ukosoe.

Wa nne ni "Malaika", kama ulivyoimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Waimbaji hawa, Mwafrika Kusini na Mmarekani, hawakuokota maneno mawili matatu. Walikiimba kilio kizima cha kijana asiye na mali ya kumwoa ampendaye. Hapo Kiswahili hakikuwa shanga. Kilikuwa na la kusema.

Hofu ya mwenzangu naielewa. Wamo miongoni mwetu wanaokariri viitikio vya kigeni ilhali hawajui kwamba utunzi wa "Malaika" umezozaniwa baina ya Fadhili William wa Kenya na Adam Salim wa Tanzania. Hiyo ni aibu kweli. Lakini dawa yake haipatikani kwa kuziba masikio. Utumwa ni kumeza cha mwenzako bila kukitafuna. Anayeujua mkasa wa "Sukiyaki" ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza Kiswahili kinatendewaje kinapovuka bahari.

Basi likizo hii chagua wimbo mmoja kati ya hii mitatu ya mwanzo, uutafsiri kwa Kiswahili kinachoimbika, wenye mizani na vina. Utagundua mahali lugha yetu inapotiririka na mahali inapokudai uifikirie upya. Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami siku hiyo, matatu ilipofika mjini, nilimpa mwenzangu spika moja ya sikioni. Aliusikiliza wimbo hadi mwisho, kisha akaniuliza maana yake.