Maarifa yanapostaafu pamoja na karani

KILA mara katika afisi za umma huandaliwa hafla ndogo ya kumuaga mtumishi aliyetimiza umri wa miaka 60. Keki hukatwa, hotuba za sifa husomwa, naye mstaafu hukabidhiwa zawadi na kutakiwa maisha mema uzeeni. Jumatatu inayofuata mwananchi hufika kuulizia faili yake, na kijana aliyerithi kiti kile humjibu kwa adabu kwamba mzee aliyelifahamu jambo hilo alishastaafu.

Jibu hilo limezoeleka hata halimshangazi mtu. Ilhali lingepaswa kututia wasiwasi, kwani maana yake ni kwamba kitu ambacho mlipa ushuru amekigharimia kwa zaidi ya miaka 30 kimetoka mlangoni bila kuandikwa popote.

Mzee yule alijua ni kwa nini ploti fulani ina nambari mbili. Alijua ombi lipi la maji liliahirishwa likasahaulika, na ni nani wa kupigiwa simu katika idara jirani mambo yakikwama. Hakuna aliyemketisha na kumtaka ayaeleze hayo kabla hajaondoka.

Tatizo hili halikuanza jana. Mwaka 1993 serikali ilianzisha mpango wa kuufanyia marekebisho utumishi wa umma, huku wafadhili wakishinikiza gharama ya mishahara ipunguzwe. Watumishi wengi wa vyeo vya chini walipewa kiinua mgongo wastaafu mapema kwa hiari, na uajiri ukabanwa. Makarani na matarishi walihesabiwa kama mzigo wa mishahara. Kwamba hao ndio waliojua kila karatasi ilipo, hilo halikupata nafasi katika hesabu.

Mwaka 2009 umri wa kustaafu uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Hatua hiyo iliwapa wengi nafuu, lakini kuhusu suala letu iliahirisha tu siku ya kuagana. Miaka mitano ya ziada ingeweza kutumiwa kuwafunza vijana. Mahali pengi ilipita kama mingine iliyotangulia.

Kisha ukaja ugatuzi. Mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya yalifikia kikomo mwaka 2013, na kaunti 47 zikachukua mahali pake. Mamlaka ya Mpito, iliyoundwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012, ilitwikwa jukumu la kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza hayo. Orodha ya aina hiyo huweza kutaja magari, majengo na viwanja. Haiwezi kutaja fundi wa manispaa anayekumbuka mahali bomba la maji lilipozikwa, au mkusanyaji kodi anayejua ni wafanyabiashara gani sokoni walioachiwa deni na kwa makubaliano gani.

Isitoshe, hali hiyo hujirudia. Baada ya uchaguzi wa 2017 na tena ule wa 2022, magavana wapya waliingia afisini na mawaziri wao wa kaunti. Mara nyingi hatua ya kwanza ya wageni huwa kuwashuku wenyeji, na afisa aliyeonekana kuwa karibu na utawala uliotangulia hupelekwa kwenye dawati lisilo na kazi. Hapo huwa amestaafishwa kabla ya kustaafu, na ayajuayo hukaa kimya pamoja naye.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta imetatua haya yote. Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, na mwaka 2021 Wizara ya Ardhi ikazindua mfumo wa Ardhisasa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 nayo iliziagiza taasisi za umma kuzitia rekodi zao katika kompyuta kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya rekodi na ujuzi wa kuisoma. Kompyuta inaweza kuonyesha hatimiliki ya mwaka 1974 na barua inayoipinga ya mwaka 1981. Haitasema kwamba ni desturi ya masjala hiyo kuchunguza daftari la tatu kwanza, kwa sababu barua za miaka ile ziliwekwa visivyo. Aliyepiga picha karatasi hizo kwa mashine alilipwa kwa wingi wa kurasa, wala hakuna aliyemlipa mzee wa masjala akae kando yake na kumweleza kinachopigwa picha.

Tufike sasa kwenye kiini cha jambo, ambacho aghalabu hukwepwa katika makongamano. Mfanyakazi anayejua kitu peke yake ana sababu nzuri ya kuendelea kukijua peke yake. Kinamkinga asifutwe, kinamtia heshima kwa mkubwa wake, na katika baadhi ya afisi kinamletea kitu kidogo. Ikiwa ni karani mmoja tu anayejua faili ilipo, yeye si karani tena bali ni mlinzi wa lango, na wananchi wamejifunza namna ya kulifungua lango hilo. Mtu wa namna hiyo ukimletea programu mpya na kumwamuru aingize humo yote ayajuayo, ataingiza yale yasiyo na faida.

Si haki, lakini, kudhani kwamba kila anayenyamaza ni mfisadi. Wengi wananyamaza kwa kuwa hawajawahi kuulizwa. Wengine walisema, wakubwa wakayachukua mawazo yao na kuyatia katika ripoti zilizobeba majina ya wakubwa hao. Aliyetendewa hivyo mara moja hangoji kutendewa mara ya pili.

Kuna kisa kinachofaa kutazamwa hapa, japo ni cha mbali. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuata mafundi wa kampuni ya Marekani ya Xerox waliokuwa wakizunguka kutengeneza mashine za fotokopi. Kampuni iliwapa vitabu vinene vya maelekezo. Orr, ambaye alichapisha utafiti wake mwaka 1996, aligundua kwamba mashine iliposumbua kwa namna isiyotajwa vitabuni, mafundi hao walitegemea hadithi walizosimuliana wakati wa chai na chakula: mashine fulani ilifanya hivi, nikajaribu vile, ikapona.

Wakubwa wangeweza kuyaona mazungumzo hayo kuwa uzembe. Badala yake, katika miaka ya 1990, kampuni hiyo ilianza kuyakusanya kupitia mradi ulioitwa Eureka. Ulianzia Ufaransa, ukitumia Minitel, mtambo wa mawasiliano uliotangulia kuenea kwa intaneti nchini humo. Fundi aliandika mbinu yake, mafundi wenzake wenye uzoefu wakaijaribu, na ilipothibitika ikawekwa mahali ambapo wote wangeisoma.

Suala la malipo lilipozuka, mafundi hawakuchagua pesa. Walichotaka ni kila mbinu ibebe jina la aliyeivumbua. Nadhani hapo ndipo penye funzo kwa afisi zetu. Fundi alitoa siri yake kwa sababu kuitoa kulimpa heshima kubwa kuliko kuificha, na waliompima walikuwa wenzake wanaoijua kazi, si meneja wa makao makuu.

Kwetu tumewahi kuwa na utaratibu unaokaribiana na huo, ingawa asili yake haipendezi. Katika jengo la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi kuna ripoti nyingi za makabidhiano zilizoandikwa na wakuu wa wilaya enzi ya ukoloni. Afisa alipohamishwa alimwandikia mrithi wake kuhusu machifu, mipaka yenye mzozo, visima, malisho na kesi zisizokwisha. Wakoloni walikuwa wachache, walihamishwahamishwa, na walitawala watu ambao hawakuwapenda. Hawakuweza kumudu kusahau. Ripoti hizo zina dharau nyingi kwa waliotawaliwa, lakini watafiti wa historia hawaachi kuzirejelea.

Ripoti ya makabidhiano ya siku hizi, inapoandikwa, huorodhesha viti, kompyuta na funguo. Ni stakabadhi ya kumkinga anayeondoka asidaiwe kiti, wala haimfai anayeingia.

Pengo hilo wafanyakazi wamelijaza wenyewe kwa WhatsApp. Muuguzi wa zahanati ya mashambani huuliza kikundini, na mwenzake wa hospitali ya rufaa akamjibu kabla ya chai kupoa. Hayo ndiyo mazungumzo ya mafundi wa Xerox yakifanyika kwa simu, na mkubwa anayeyapiga marufuku hajui anachokipoteza. Tatizo ni kwamba jibu zuri la Jumanne hufunikwa na salamu na picha za harusi za Jumatano, mwezi mmoja baadaye mwingine akauliza swali lile lile. Vilevile humo hupitishwa majina na maradhi ya watu, jambo linalogongana na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kikundi kinahitaji mtu mmoja aliyepewa muda rasmi wa kuchuja majibu yanayofaa, kuyaondolea majina ya wagonjwa na kuyahifadhi mahali panapotafutika.

Sisi wa vyumba vya habari hatuna ruhusa ya kuwacheka makarani. Nasi tunao wahariri wanaojua kwa moyo tahajia ya jina la kila mto na ni wabunge gani wawili wanaoitwa jina moja, na mengi ya hayo bado yamo vichwani.

Kinachohitajika si mfumo mwingine wa mabilioni. Kandarasi za utendakazi zimekuwepo katika sekta ya umma tangu mwaka 2004. Mwongozo ambao mtumishi ameuandika, na ambao wenzake wamethibitisha kwamba unawasaidia, na uhesabiwe humo kama kazi iliyofanywa, jina lake likiwa juu ya ukurasa. Anayekaribia miaka 60 na apewe kijana wa kuandamana naye mwaka mzima, si wiki ya mwisho. Kijana ndiye aandike, mzee asome na kusahihisha, kwa kuwa mjuzi mara nyingi haoni la kuandika katika jambo ambalo kwake ni la kawaida.

Gharama yake ni saa chache kwa wiki. Ijumaa alasiri ingefaa, wakati ambapo afisi nyingi, tuseme ukweli, huwa tayari zimebaki na makoti juu ya viti.