Mahafali si Kuhitimu

Ikiwa unaye mtoto wa kidato cha nne, basi katika miezi ya Septemba na Oktoba aghalabu utaletewa kadi. Utakaribishwa kwenye "mahafali ya wahitimu", utatajiwa mchango, na huenda ukaelezwa pia habari ya joho. Mtihani wenyewe wa taifa hufanywa Novemba, na matokeo yake hutoka baada ya mwaka kupinduka. Mzazi mmoja, mfanyakazi wa kiwandani, aliniuliza jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: "Ndugu yangu, huyu mwanangu amehitimu nini?"

Hakuwa akifanya utani. Mchango alikwisha utoa, na majirani walikwisha anza kumwita mtoto wake mhitimu. Naye mtoto, kwa kusadiki jina hilo, aliyafungia madaftari kabatini zikiwa zimesalia wiki tano kabla ya mtihani.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Mahafali latoka katika Kiarabu, nalo ni la shina moja na hafla. Maana yake ya asili ni mikusanyiko, yaani mabaraza ya watu waliokutana kwa jambo maalumu. Hamna ndani yake habari ya mtihani, wala ya kufaulu, wala ya shahada. Waarabu husema mahfal kwa umoja na mahafil kwa wingi. Sisi tuliuchukua ule wingi, na ndiyo maana twasema mahafali haya yamefana, wala si mahafali hii imefana. Wapo wanaoikata ile ma- ya mwanzo wakidhani watapata umoja wa "hafali". Hao wajisumbua bure. Ma- hiyo si kiambishi chetu; ni sehemu ya neno tangu huko lilikotoka, kama ilivyo katika mahakama na madrasa.

Basi shule inayowakusanya wazazi, walimu na wanafunzi na kuuita mkusanyiko huo mahafali haijakosea. Kosa limo katika neno la pili. Kuhitimu ni ndugu yao hatima na hitima, na asili yake ni kulifikisha jambo mwisho na kulitia muhuri. Wazee wa pwani walilitumia kwa uangalifu mkubwa. Mtoto wa chuoni hakusemwa kuwa amehitimu mpaka awe amezisoma juzuu zote 30. Aliyebakiza mbili alirudi mkekani kesho yake kama wenziwe. Sinia za vyakula na shangwe za akina mama zilikuja baadaye.

Chuo kikuu nacho hufuata utaratibu huo. Mkuu wa chuo huwatunuku shahada wale ambao matokeo yao yamekwisha pitishwa, hata mahafali na kuhitimu vikakutana siku moja. Nadhani huko ndiko shule zetu zilikoazima joho, kofia na jina la wahitimu, zikauacha utaratibu nyuma.

Hata hivyo simlaumu mwalimu mkuu. Siku ya karatasi ya mwisho wanafunzi wa bweni hubeba masanduku yao na kuelekea kituo cha mabasi; huyu kwao Kigoma, yule kwao Mtwara. Nani atawakusanya tena matokeo yakitoka? Kuagana kwataka wanaoagana wawepo. Na vyeti vinavyotolewa siku hiyo ni vya shule, vya kumaliza masomo, nidhamu au michezo. Cheti cha mtihani hutolewa na Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, nalo halitoi kabla ya kusahihisha.

Wenzetu wa Kenya wana siku ya maombi kabla ya mtihani. Mwaka 2016 serikali yao ilizipiga marufuku siku hizo katika muhula wa tatu kwa kuhofia udanganyifu, lakini jina lenyewe lina sifa moja: halimwambii mtoto kwamba kazi imekwisha.

Kwetu neno la kufaa tunalo. Kijana anayengoja mtihani ni mtahiniwa, na neno hilo limebeba mtihani tumboni mwake. Kadi ingeweza kuandikwa "Mahafali ya kuwaaga watahiniwa wa kidato cha nne", na hapana mgeni ambaye angekataa kuja kwa sababu hiyo. Mchango nao, sina hakika kama ungepungua.

Yule mzazi nilimshauri aende, avae vizuri, apige makofi mtoto atakapoitwa jina, kisha Jumatatu yake amwombe ufunguo wa kabati.