Chuo cha Majenerali na Ng'ombe wa Ukambani

Katika mwezi wa Julai 1938, Wakamba kwa mamia, wanaume na wanawake na watoto wao, walitoka vilimani mwa wilaya ya Machakos, ambayo zama zile ilikusanya pia maeneo tuyaitayo leo Makueni, wakashika njia ya Nairobi kwenda kumwambia Gavana mdomo kwa mdomo kwamba ng'ombe wao, waliokuwa wakichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni kwa hoja ya kuwa mifugo imezidi malisho, wasiuzwe tena bila ya ridhaa ya wenyewe. Aliyewaongoza ni Muindi Mbingu. Na Gavana waliyemtaka, Sir Robert Brooke-Popham, alikuwa jemadari wa jeshi la anga la Uingereza, na miaka michache kabla ya kuja Kenya alikuwa mkuu wa Chuo cha Ulinzi cha Dola huko London, kilichofunguliwa mwaka 1927 ili kuwafunza maafisa wa vyeo vya juu kuvitazama vita, uchumi na siasa kama jambo moja lisilotengana.

Waandamanaji walipiga kambi Nairobi majuma kadhaa, na Gavana hakukubali kuonana nao pale. Muindi Mbingu akakamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha shauri la kuwauzisha watu ng'ombe kwa lazima. Miongoni mwa sababu zitajwazo na wanahistoria, iliyo nzito kwa mada yetu ni hii: Wakamba walikuwa wengi mno katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles na katika polisi, wingu la vita na Waitaliano lilikuwa limekwisha kutanda upande wa Uhabeshi, na dola itakayoomba vijana kesho haiwezi leo kuwanyang'anya baba zao mifugo. Hesabu hiyo, ya kupima zizi la raia pamoja na safu ya askari, ndiyo hasa iliyopasa kuwa taaluma ya mtu aliyewahi kukiongoza chuo kile. Naye aliifikia baada ya kulazimishwa, heshima ya serikali ikiwa imekwisha kupungua.

Nalileta jambo hili kwa sababu Kenya nayo ina chuo cha namna ile. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilianzishwa Karen mwaka 1997, Jenerali Daudi Tonje akiwa Mkuu wa Majeshi, na tangu mwaka 2021 kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi chenye makao yake Lanet. Pale Karen huketi makanali na mabrigedia, pamoja na maafisa wakubwa wa idara za kiraia na wageni kutoka majeshi ya nchi rafiki, takriban mwaka mzima, wakisikiliza mihadhara ya mawaziri, mabalozi na maprofesa, wakijadiliana katika makundi madogo, wakiandika tasnifu, na kufanya ziara ndani na nje ya nchi. Ni utaratibu wa kuheshimiwa, wala si haki kuudharau.

Walakini una upungufu ambao vyuo vya namna hii duniani kote aghalabu huwa nao. Afisa anayefika hapo amekaa miaka ishirini na zaidi katika maisha ambayo jibu la amri ni “ndiyo afande”, na cheo chake kijacho kimo mikononi mwa watakaomwandikia ripoti. Mtu wa hali hiyo, hata akiambiwa kwamba ukumbini ni ruhusa kubisha, hupima mara mbili kabla ya kumkosoa jenerali aliyealikwa kuhutubia. Mhadhara humwongezea maarifa, na tasnifu humfunza subira ya kusoma. Ila hakuna hata kimoja kinachomweka mbele ya mtu asiyemwogopa, ilhali uongozi wa ngazi ya taifa karibu wote ni kushughulika na watu usioweza kuwaamuru: wabunge, majaji, wahazini, magavana, wakulima.

Waprusia wa karne ya kumi na tisa, zama za jemadari wao Moltke, walikuwa na desturi ya kuwapeleka maafisa wao kwenye uwanja wenyewe na kuwauliza palepale: jeshi liko huku, mto uko kule, wewe ungeamua nini? Desturi hiyo ingali hai, ingawa mara nyingi huishia kwenye makaburi ya vita vya zamani. Naona ingefaa sana hapa kwetu ikiwa uwanja utakaochaguliwa ni ule wa mwaka 1938. Darasa lianzie Machakos, lisome madai ya waandamanaji na majibu ya serikali, kisha lishuke Athi River, ambako kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilijengwa kupokea ng'ombe wale. Kiwanda hicho kilirithiwa na Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950. Na mwaka 2020 shirika hilo likawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi, hatua iliyozua mashauri mahakamani. Basi aliyedhani kwamba bei ya ng'ombe haimhusu mwanajeshi, dunia yenyewe imemkanusha.

Kutoka hapo waende Makueni, nao wasiende kwa ziara ya kunywa chai na gavana na kupigwa picha, wakae. Katika kaunti hiyo, tangu enzi ya Profesa Kivutha Kibwana, aliyekuwa gavana kuanzia 2013 hadi 2022, miradi hujadiliwa kuanzia kijijini na hoja hupanda ngazi kwa ngazi, na mkandarasi halipwi mpaka kamati iliyochaguliwa na wanakijiji iridhie kazi yake. Brigedia aketi nyuma ya baraza kama hilo, asikilize mama muuza maembe akimkatalia mhandisi, kisha aandike namna ambavyo yeye angepata ridhaa ile bila ya amri. Na atazame Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambako haja ya taifa ya maji na umeme imekutana na malalamiko ya fidia za ardhi.

Kitui ni mtihani mgumu zaidi. Katika mpaka wake na Tana River, kiangazi kinapozidi, wafugaji wa ngamia huingia upande wa wakulima kutafuta malisho, na damu imemwagika si mara moja. Hapo hapana adui. Wote ni raia. Afisa aulizwe: wananchi wanaomba jeshi, je, unashauri nini? Kifungu cha 241 cha Katiba kinalipa jeshi wajibu wa kusaidia mamlaka nyingine wakati wa maafa, na kinaruhusu lipelekwe kurejesha amani kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Jibu lake lisisahihishwe na wakufunzi peke yao, bali na wazee wa pande mbili pia.

Wako watakaosema kwamba kazi ya jenerali ni vita, na kwamba shambulio la kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, Januari 2016, ndilo la kufundishwa kwanza. Nakubali lifundishwe, tena bila ya kufichana. Wengine watahofia kwamba mwanajeshi akizoeshwa mambo ya raia atayatamani. Nao wana hoja, maana mwaka 1971 Mkuu wa Majeshi Joseph Ndolo, na Jaji Mkuu Kitili Mwendwa, mwana wa Kitui, walijiuzulu baada ya majina yao kutajwa katika kesi ya njama za kupindua serikali. Mimi naona hofu hiyo inautetea mpango huu: afisa aliyekaa barazani kama msikilizaji, akaona shauri likikataliwa waziwazi mbele ya wakubwa, hujua mpaka wa mamlaka yake kuliko aliyeusoma katika kitabu cha sheria.

Gharama yake si kubwa, maana kutoka Karen hadi Machakos ni mwendo wa saa chache. Wakuu wa Chuo na waifanye safari ya Ukambani kuwa ya kwanza katika mwaka wa masomo, kabla ya zile za ng'ambo.