Printa Iliyokula Nukta



Mwezi uliopita, katika chuo chetu cha Jumamosi, tuliwagawia watoto karatasi za kusomea tulizozichapa nyumbani. Binti mmoja wa miaka minane akakwama katika neno la pili. Tukamhimiza, akanyamaza, tukamkaripia kwamba hakudurusu. Ndipo alipotujibu kwa adabu: "Maalim, herufi hii haina nukta. Niisome ba, ta au tha?" Tulipovaa miwani tukaona kuwa asemayo ni kweli. Mistari myembamba myeupe ilikuwa imekata maandishi, na ilipopita ilichukua nukta. Tulimtaka radhi mbele ya wenzake.

Baadhi ya wazazi walitushauri tununue printa mpya. Lakini kutupa chombo kwa sababu ya uchafu ni israfu, hasa kwetu sisi ambao kila pauni ina jamaa anayeingojea nyumbani. Basi tukaitengeneza wenyewe, na tuliyojifunza tunawaeleza.

Printa za aina hii hurusha matone ya wino kupitia vitundu vingi vilivyo vyembamba kuliko unywele. Wino wake kwa sehemu kubwa ni maji, na usipotumika hukauka na kuviziba. Sisi tulikwenda Unguja wiki sita, na tuliichomoa printa ukutani kabla ya kuizima kwa kitufe chake. Hilo ni kosa: izimwapo kwa kitufe, kichwa chake hurudi na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia ukavu. Ikikatiwa umeme ghafla, huenda kichwa kikabaki wazi.

Kwanza, hakikisheni kuwa wino haujakwisha, na kama katriji ni mpya, kwamba utepe wake umebanduliwa. Kisha chapeni ukurasa wa kukagua vitundu, unaopatikana katika sehemu ya matengenezo. Msijaribie kwa karatasi zenye aya, kwani zikiharibika hazifai kutupwa jaani.

Mistari ya ukaguzi ikiwa imekatika, amrisheni printa ijisafishe, kisha kagueni tena. Msizidishe mara mbili au tatu. Kila usafishaji hunyonya wino mwingi na kuumwaga katika sifongo iliyo ndani ya printa, nayo sifongo hiyo hujaa. Iacheni ipumzike usiku kucha, ili wino mbichi ulainishe ule mkavu, kisha mrudie asubuhi.

Isipofaa, tazameni aina ya printa. Katika printa nyingi za HP za nyumbani, vitundu vimo kwenye katriji yenyewe. Itoeni, mchukue kitambaa kisichotoa nyuzi, mkiloweshe kidogo kwa maji ya vuguvugu yaliyokenekwa, yaani yasiyo na madini. Maji ya bomba huacha chokaa. Kandamizeni kitambaa penye vitundu kwa dakika moja au mbili, bila kusugua, mpaka wino uache alama. Msiguse vile vipande vya rangi ya shaba, maana ndipo umeme upitapo.

Katika printa za Epson, kichwa hukaa ndani ya mashine, na katriji huleta wino tu. Huko msiingize sindano wala pini. Kitundu kikikwaruzwa hakiponi. Rudieni kusafisha na kupumzisha, na mkishindwa, mwulizeni fundi kabla ya kununua nyingine.

Yetu ilipona asubuhi ya pili. Sasa kila Ijumaa tunachapa ukurasa mmoja mdogo wenye rangi zote, na wakati wa baridi tumeiweka mbali na hita. Kabla ya safari tunaizima kwa kitufe chake, tunangoja itulie, ndipo tunapoichomoa.

Karatasi mpya tuliziangalia nukta kwa nukta kabla ya kuzigawa. Ya kwanza tulimpa yule binti azikague. Alizihesabu kwa kidole, akasema, "Zimetimia, Maalim," kisha akasoma. Nasi tumejifunza kwamba mtoto anyamazapo mbele ya kitabu, mwalimu na akitazame kitabu kwanza.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, inshallah.